Aabo na Upande wa Kushoto

Mafuta ya simsim yakishapata moto, mimi kazi imeisha. Juzi jirani alikuwa akimkanda mama mkwe wake mguu, dirisha liko wazi, harufu ikaingia mpaka jikoni kwangu, nami nikazima jiko nikaketi kwenye kigoda, kijiko kimo mkononi. Mkono wa kushoto, bila shaka. Mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, namkumbuka aabo tu. Ameoa kwetu miaka mingi, ameshazoea, akaniacha hapo akaenda zake kununua mkate.

Sisi wa rika langu tuliolelewa Garissa tunaijua harufu hiyo. Ikitoka kwenye nyumba, ujue ndani kuna mzazi au kuna mgonjwa, na majirani hawangoji kuambiwa. Kwetu ilikaa msimu mzima. Iliingia kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye mkoba wangu wa shule, mpaka msichana niliyekaa naye dawati moja akaniuliza kama mama amejifungua. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba baba yangu amerudi kutoka hospitali na hataki kuniangalia.

Nilimwita aabo kwa sababu ndivyo watoto wote wa mtaa wetu walivyowaita baba zao. Mama nilimwita mama, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa mtoni, wa kule chini Tana inakopita kwenye migomba na miembe, na Kisomali kilimpata akiwa mtu mzima. Kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha aabo kilikuwa na serikali yake. Kila p iligeuka b, na mbele ya ngeli watu, ngamia na viti walikuwa sawa. Mama alikuwa akimcheka waziwazi, naye alipenda kuchekwa na mama. Alikuwa dalali wa mifugo, mrefu, ndevu zimetiwa hina, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Akiingia nyumbani, kabla hajavua viatu, alikuwa akizungusha macho chumba kizima akiuliza niko wapi. Nami nimesimama mbele yake. Ananipita kwa macho juu ya kichwa, anatazama juu ya kabati, anatazama chini ya meza, anainua kifuniko cha sufuria, ndipo ananiona na kushtuka kama aliyeona chui. Mchezo ulikuwa huo huo mmoja, na sikuuchoka hata siku moja. Nikisema nilipendwa, nina maana ya pale aliponiona.

Basi, mimi nilizaliwa na mkono wa kushoto. Kijiko, kalamu, jiwe la kumtupia mbuzi, vyote huenda huko vyenyewe. Kwa Kisomali mtu kama mimi huitwa gurey, na aabo akalichukua neno hilo akanipa liwe jina la mapenzi. Mama naye akawa anamwita Baba Gurey. Eeddo Shamsa, dada yake aabo, hakuona mapenzi yoyote hapo. Alikuja kutoka Balambala alipofiwa na mumewe, akaja na mizigo yake, tasbihi yake na sheria zake, na sheria ya kwanza ilikuwa mkono wangu.

"Huo ni wa chooni," alikuwa akisema. "Anayekula kwa kushoto anakula na shetani. Wewe sahani yako utakula na nani?"

Akachukua utepe wa leso kuukuu, akawa ananifunga mkono wa kushoto ubavuni wakati wa kula. Alifunga kwa upole, lazima niseme, na mara nyingine alinipulizia chai huku akifunga. Wali ulikuwa ukinidondoka kwa mkono wa kulia kama ninalisha kuku. Mama alinyamaza, maana wifi ni wifi. Aabo akirudi akaona, alikuwa anafungua lile fundo bila kuketi. "Shamsa, mwache mtoto akule bole bole," alisema. "Njaa haijui mkono." Eeddo alikuwa akimjibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, methali aliyofundishwa na mama mwenyewe, na mama alijuta kumfundisha.

Kisha aabo akaanguka sokoni. Asubuhi alitoka akiimba, mchana wakaja watu kumwambia mama avae buibui lake haraka. Mimi niliambiwa amepatwa na jua. Nilikaa na Eeddo, na Eeddo hakunifunga mkono siku zote hizo, jambo lililonitisha kuliko machozi yake. Wageni walijaa uani, na kila mmoja alisema neno lile lile, kwamba aabo amefika mlango wa akhera na kurudishwa.

Walipomrudisha, alilazwa sebuleni ili awe karibu na watu. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, mkono na mguu wa kushoto vimelala tu, lakini alikuwa anasema, anajua majina, anauliza habari za mvua kule Ijara. Niliusubiri umati upungue, nikajipenyeza upande wa kushoto wa kitanda, maana upande wa kulia wakubwa walikuwa wamebanana. Nikamwamkia. Macho yake yalikuwa kwenye pazia la mlango. Nikamwamkia tena, na yeye akaitikia, lakini akaliitikia pazia.

Nikacheka. Nilidhani ni mchezo wetu. Nilikaa nikingoja amalize kutazama kabati na meza, anione, ashtuke. Nikangoja mpaka nikasinzia, na nilipoamka alikuwa bado anatazama huko huko, na Eeddo ananiambia nimpishe mgonjwa apumzike.

Siku zilizofuata niliona mambo. Akiletewa wali, alikula nusu ya kulia ya sahani, safi, kama imekatwa kwa kisu, kisha anasema amemaliza na bado ana njaa. Mama akaizungusha sahani, naye akafurahi kama ameongezewa. Eeddo akasema alhamdulillahi, hamu imerudi. Akichana ndevu alichana upande mmoja. Kanzu alitia mkono mmoja, akajiona amevaa. Mgeni akija upande wa kulia, anamtazama, anamtania, anamuuliza habari za watoto. Mgeni huyo huyo akizunguka kwenda kushoto, aabo anauliza kama ameshaondoka.

Wakubwa walisema ni ugonjwa na wakaishia hapo. Mimi nilikuwa na elimu yangu. Kwenye chuo cha Kurani maalim alikuwa ametusomesha habari za watu wa kuliani na watu wa kushotoni, namna kila mmoja atakavyopewa kitabu chake siku ya mwisho, na wale wa kushoto watakavyojuta. Nikajumlisha. Aabo alifika mlango wa akhera, kila mtu amesema. Basi alichungulia. Aliwaona watu wa kushoto wanavyofanywa, akarudi ameapa kutouangalia upande huo tena, na huko kushoto, kwenye mkeka, nilikuwa nimekaa mimi, gurey wake, na mkono wangu. Eeddo alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na aabo ameshaambiwa na walio juu zaidi ya Eeddo. Iliniuma vibaya sana. Nilimtamani aniangalie hata kwa kunigombeza.

Hapo ndipo akaanza kuja Musyoka. Alikuwa kijana wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, Mkamba mwembamba mwenye viatu vikubwa, aliyejua kutoa salamu kamili mpaka barakatuhu, na kwa hilo Eeddo akamsamehe mengine. Alimkunja aabo mguu, akamnyoosha mkono, kisha akasimama katikati ya chumba akauangalia umati wetu.

"Huku kushoto anakaa nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Wewe peke yako?"

Wote walikuwa kulia. Ndiko alikoona, ndiko walikomwekea chai, ndiko walikomshika mkono kumsalimia, mkono wa kulia kama adabu inavyotaka. Musyoka akaketi kwenye mkeka wangu, akatueleza. Macho ya mzee ni mazima, alisema, yangeweza kuhesabu mbuzi. Ila kichwa kimesahau kwamba kuna upande huo, na macho hayaendi mahali ambapo kichwa hakipajui. "Kumwita hakusaidii. Nyinyi mguseni. Shikeni huu mkono wa kushoto, ubonyezeni vizuri, msipapase. Ngozi itakikumbusha kichwa, na kichwa kitayatuma macho."

"Kijana," Eeddo akasema, "mzee wa watu asalimiwe mkono wa kushoto? Umeona wapi?"

"Sijaona, mama. Lakini usiposhikwa, macho hayaji."

Ili aniondolee woga akanifanyia mchezo. Akaniambia nipishanishe mikono, wa kulia uende kushoto na wa kushoto uje kulia, nifumbe macho. "Nitagusa mkono mmoja. Ukifumbua, utazame ule nilioubonyeza, upesi." Akanibonyeza kidole cha mkono wa kushoto. Nikafumbua, na macho yangu yakaruka moja kwa moja kwenye mkono usio wenyewe, yakagutuka, ndipo yakarudi kwenye ule ulioguswa. Chumba kizima kikacheka. Mama akajaribu, naye yakamruka. Hata Eeddo akajaribu, akasema macho yake hayakudanganyika, na sote tuliona yalivyodanganyika.

"Mmeona?" Musyoka akasema. "Na nyinyi ni wazima. Macho hufuata pale mwili unapoyaambia kuna kitu, na mwili ukichanganyikiwa, macho nayo yanapotea njia."

Wenzangu walijifunza kuhusu macho. Mimi nilijifunza kwamba mkono wangu wa kushoto ni mwongo, unawapotosha hata macho yangu mwenyewe. Siku ile ile niliufukua ule utepe wa leso kwenye sanduku la Eeddo, nikajifunga mwenyewe. Fundo nililikaza kwa meno.

Nilikaa hivyo wiki nzima, nikiufungua kwa kuandika shuleni tu, kwa sababu mwalimu wa hisabati hakuwa na subira. Eeddo aliona, akadhani hatimaye nimeongoka, akanipa tende. Mama alikuwa amechoka mno kuona. Nilikula kwa kulia, nikabeba kikombe kwa kulia, chai ikanichoma goti, na kila jioni nilikaa kwenye mkeka wangu nikamwambia aabo, "Aabo, angalia, natumia wa kulia." Alikuwa akiitikia, "Mashallah," kwa upole, kwa lile pazia.

Musyoka aliporudi alikuta mambo ni yale yale. Wageni wote kulia, mkono wa kushoto umefunikwa shuka kwa heshima. Hakugomba. Alimwomba mama ruhusa, akakishika kitanda upande wa miguuni, akakigeuza, upande wa kulia wa aabo ukawa unagusa ukuta. Sasa mgeni atake asitake, njia ni ya kushoto. Akatuacha.

Ilikuwa mbaya. Aabo, mtu wa soko, akawa anautazama ukuta mchana kutwa. Wageni wanaingia, wanasalimu, wanakiona kisogo chake. Hakuna aliyethubutu kuushika ule mkono. Mama alijaribu, akaupapasa badala ya kuubonyeza kwa kuogopa kumuumiza, macho hayakuja, akaenda jikoni akalia. Eeddo hakulia. Alisimama mlangoni na tasbihi yake.

"Mmemgeuzia ukutani kama maiti," alisema. "Ikifika Ijumaa namrudisha. Akiona upande mmoja, aone huo mmoja. Wangapi hawana hata huo?"

Mama hakubisha. Mimi nilielewa maana yake vizuri kabisa. Kitanda kikirudi kilivyokuwa, watu watarudi kulia, aabo atarudi kwa watu, na mimi nitabaki huku kushoto alikokwisha kukataa, siku zote.

Alhamisi akaja Mzee Dahir. Alikuwa dalali mwenzake aabo, mfupi, mnene, mwongo wa kupendeza, na tangu aabo augue hakuwa amekuja kwa sababu alikuwa kule Buna akinunua ngamia. Nao madalali wa mifugo kwetu hawauziani kwa mdomo. Soko limejaa masikio. Hushikana mikono ya kulia kama wanaosalimiana, kitambaa cha begani kikafunikwa juu, na chini yake bei inasemwa kwa kubonyezana vidole. Kila kidole na kila pingili ina thamani yake. Huku juu wanazungumza habari za harusi na mvua. Dalali mchanga hujulikana kwa macho, maana kidole kikibonyezwa macho yake hushuka kwenye kitambaa, na wanaopita wanajua hapo bei imepanda. Macho hayana pazia. Aabo alisifiwa soko zima kwamba unaweza kumvunja kidole naye bado anatazama mawingu.

Mzee Dahir akaketi kitandani kwa kishindo, ubavuni kwa aabo, upande wa kushoto. Akasalimu. Ukuta ukaitikia. Akakitazama kile kisogo, kisha akajikaza.

"Huyu ananikimbia deni la maneno," akasema. "Ngoja tufanye biashara."

Akavua kitambaa chake cha begani, akakitandaza juu ya mkono wa aabo uliolala, akaingiza wa kwake chini. Wa kulia, maana ndio mkono wa biashara na ndio wa adabu. Tukasubiri. Tuliuona mkono wake ukihangaika chini ya kitambaa. Mkono wa kulia na wa kushoto haipatani katika kazi hiyo. Gumba linakuja kwenye kidole kidogo, vidole havilali mahali pake. Aabo akakunja uso.

"Nani ananikwaruza?" akauliza ukuta.

"Haiwezekani," Mzee Dahir akasema, akautoa mkono. "Huu wa kushoto unataka wa kushoto mwenzake, na mimi wangu wa kushoto hata kufunga kifungo haujui." Hapo ndipo aliponiona kwenye mkeka. "Na wewe mkono wako una nini? Umevunjika?"

Nikasema haujavunjika.

"Nani amekufunga?"

Mama akamgeukia Eeddo. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho ya mama yakiwa hivyo. Eeddo akainua viganja vyote viwili.

"Wallahi safari hii si mimi."

"Nimejifunga mwenyewe," nikasema.

"Kwa nini, mwanangu?" Mama akauliza.

Nikamwambia. Ili aabo aniangalie. Nikawaambia na habari ya mlango wa akhera na watu wa kushoto, yote kwa pumzi moja, na nilipofika mwisho nilikuwa nalia kwa kwikwi. Mzee Dahir akasoma istighfari polepole. Eeddo akaketi chini pale pale aliposimama, juu ya kizingiti. Mama akaja akapiga magoti mbele yangu akalishughulikia lile fundo, na kwa kuwa lilikuwa limekazwa kwa meno na kulowa chai, likamchukua muda.

Mkono ulipotoka ulikuwa na alama nyekundu kuzunguka kifundo. Mzee Dahir akausugua kwa kiganja chake kikubwa, damu ikarudi.

"Njoo ununue ngamia," akaniambia.

"Sijui bei."

"Nani anajua bei siku hizi? Wewe bonyeza tu. Kwa nguvu, huyu hana mayai mkononi."

Nikapanda kitandani. Nikaingiza mkono wangu wa kushoto chini ya kitambaa, ukakutana na wa aabo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkono wangu ulikaa sawasawa. Gumba kwa gumba, vidole kwa vidole. Wake ulikuwa na joto. Nilikuwa nimedhani utakuwa baridi. Nikabonyeza kidole kidogo kwa nguvu zangu zote, halafu pingili ya cha pete, halafu nikarudia kidole kidogo, bila kujua ninasema nini.

Aabo akaacha kupumua kidogo.

"Nani huyu?" akasema. Sauti ilikuwa ile ya sokoni, tuliyokuwa hatujaisikia tangu aanguke. "Nani mjinga huyu anataka ngamia kwa bei ya kuku?"

Mzee Dahir akaniziba mdomo nisijibu, akaniashiria niendelee. Nikabonyeza tena. Nafikiri nilizidi kushusha.

"Astaghfirullah. Mwizi kabisa."

Na macho yakaanza kuja. Sijaona kitu kilichokwenda polepole namna ile. Yaliachana na ukuta, yakapanda darini, yakakaa hapo kama hayajui yamefuata nini. Nikabonyeza. Yakashuka mpaka dirishani, yakafika kwenye tumbo la Mzee Dahir, yakataka kurudi. Nikabonyeza mpaka kucha zikaingia. Yakaanguka kwenye kitambaa, kwenye kile kivimbe chini yake, yakakishangaa. Kisha yakaushika mkono wangu pale ulipotokea kwenye kitambaa, yakaufuata, kifundo, kiwiko, bega, yakipanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani, mpaka yakafika usoni kwangu.

Mdomo wake ulitetemeka upande ule mzima.

"Uko hai," akasema.

Hakuna mtu aliyeelewa. Mimi nikasema ndiyo, aabo, niko hai.

"Mimi iliuliza," akamwambia mama, lakini macho hakuyatoa kwangu. "Kila usiku wewe ukiwa beke yako mimi iliuliza, mtoto iko wabi? Wewe nasema huyo hapo, amelala. Shamsa nasema huyo hapo. Mimi naangalia, hakuna mtu. Sauti yake mimi nasikia, nasema ni roho yake tu. Basi nikajua mtoto amekufa, mnanificha kwa sababu mimi ni mgonjwa."

Kwetu mgonjwa haambiwi msiba mpaka apate nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa amewaficha wengine hivyo hivyo, akawaambia huyu yuko safarini, huyu yuko Wajir. Alijua dalili zake. Akaona amedanganywa kwa huruma, na kwa kuwa alimhurumia mama naye, akaacha kuuliza ili asimtese kutunga uongo kila siku. Alikuwa anautazama ukuta akinililia kimya kimya.

"Nimekuombea rehema kila swala," akaniambia.

Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mzee Dahir akajifanya anatafuta viatu vyake, ambavyo vilikuwa miguuni. Nami nilitaka nimweleze aabo kwamba nilikuwa hapo siku zote, kwenye mkeka, na kwamba nilidhani amenichukia kwa ajili ya mkono wangu. Nikasema hilo la mwisho tu.

"Mkono gani?" akauliza. Alikuwa hajui kabisa ninasema nini.

"Huu uliokushika."

Akautazama. Ikabidi nibonyeze tena ili aupate. "Una nini?" akasema. "Usiuachilie."

Adhana ya alasiri ikalia. Eeddo akainuka pale kizingitini, akaja na birika na beseni la kumtawadhisha, akaniambia kwa sauti ndogo nimpishe kidogo. Aabo akasema niachwe. Eeddo akasimama na birika lake, kisha akazunguka, akapenyeza mwili wake mzima kati ya kitanda na ukuta, akaanza kumtawadhisha kutoka huko kwa tabu, maji yakimwagikia godoroni, bila kuniomba tena niondoke. Nikakaa. Mkono wangu ukawa mzito, halafu ukafa ganzi, nikawa sivihisi vidole vyake wala vyangu, na kila mara macho yake yalipotaka kuteleza kurudi ukutani nilibonyeza tena, kwa mkono nisiousikia, nikimtazama mpaka yarudi.